Unauza kwa gunia, unanunua kwa robo: jibu kwa msomaji wa Kalambo

Kuna msomaji kaniandikia toka kijiji kimoja huko Kalambo, mkoa wa Rukwa, swali lake nimelikata kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mwezi wa saba nimeuza mahindi gunia 45,000, shemeji yangu yuko Tandale Dar ananiambia kule gunia linasoma 85,000. Hapa kijijini sukari kilo 3,500, yeye ananunua 2,800. Yani tunachouza sisi bei chini, tunachonunua bei juu, huu si wizi? Nimebakiza gunia 15 nataka nizipeleke Dar mwenyewe nikauze, unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na mavuno. Kabla sijajibu nikwambie kitu kimoja, mimi kabla ya kwenda kusoma haya mambo ya uchumi wa kilimo niliwahi kuwa karani wa tajiri mmoja wa mazao, kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na fuso, nahesabu magunia naandika kwenye daftari, kwaiyo unaongea na mtu ambaye inawezekana kabisa alishamlalia mzee wako au jirani yake. Wizi upo kweli, ila hauko pale unapouangalia wewe. Wewe unaangalia ile 45 na 85 unaona elfu 40 imeliwa na mtu njiani. Hebu tuifuate hiyo elfu 40 tuone inaishia wapi, namba nitakazotumia ni za kukadiria tu, wewe weka za kwako.

Gunia lako limenunuliwa 45,000. Tajiri kanunua mfuko mtupu, weka 1,200. Kushona na kupakia, kuli hawezi kubeba bure, 1,000. Toka kwako mpaka Sumbawanga mjini, barabara ile ya vumbi unaijua mwenyewe ilivyo, 5,000. Ushuru wa halmashauri, mazao ya chakula ni asilimia 2 tangu walivyoshusha mwaka 2017 (zamani ilikuwa 5), hapo ni 900. Lori toka Sumbawanga mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 1,100, weka 12,000 kwa gunia. Kushusha Tandale 1,000, dalali wa sokoni naye anataka chake, 2,000. Jumlisha hapo ni 68,100 na bado hujauza hata punje.

Alafu kuna kitu wakulima wengi hawakiweki kwenye hesabu, maji. Mahindi ya mwezi wa saba mara nyingi hayajakauka sawasawa. Ukiuza yakiwa na unyevu wa asilimia 18, yakifika kwenye ile 13.5 inayotakiwa kwenye viwango vya Afrika Mashariki kilo 100 zimebaki 95 hivi. Hizo kilo 5 hakuna aliyeziiba, zimepanda juu na jua, ila mnunuzi anajua zitapotea kwaiyo anakukata mapema. Ukiweka na hilo, yani ile 68,100 imebaki kubebwa na kilo 95 tu, gharama ya kilo 100 inafika kama 71,700, kwa kuuza 85,000 anabaki na elfu 13 kwa gunia. Semi ikibeba gunia 300 hiyo ni milioni 3.9, hela nzuri sikatai, ila humo humo kuna riba ya mkopo, kuna pancha, kuna siku amefika Tandale akakuta malori mengine arobaini yamepanga foleni na bei imeshuka usiku huo huo.

Sasa ngoja nikuonyeshe wizi ulipo. Hilo gunia lako uliuzaje, kwa mizani au kwa macho? Kama ni kwa macho basi najua lilivyokuwa, juu limeongezewa kile kilemba kimeshonewa kamba za katani kinasimama kama mimba, lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo kila mwaka wanapiga kelele, ila kijijini lumbesa inatembea kama kawaida na inafika 120, hata zaidi. Unadhani kwa nini inapendwa hivyo? Kwa sababu njia nzima watu wanatoza kwa gunia, sio kwa kilo, kuli kwa gunia, getini wanahesabu gunia, mwenye gari mdogo kwa gunia, dalali kwa gunia. Zile kilo 20 za juu zinasafiri bure toka Kalambo mpaka Dar, na zikifika zinauzwa kwa kilo! Hata ukitoa unyevu hapo tajiri kaokota kama elfu 16, yani kile kilemba peke yake kinampa zaidi ya ile elfu 13 ya safari nzima. Na wewe uliyesema umeuza 45,000, ukweli umeuza kilo kwa 375 sio 450. Na hizo 15 ulizobakiza ukiziuza hivyo hivyo ni kilo 300, magunia matatu mazima utakuwa umetoa sadaka na hakuna hata atakayesema amina.

Mimi nilikuwa naona kwa macho yangu, tunafika kwa mtu, mizani ipo kwenye gari lakini haishuki. Tajiri alikuwa anasema mizani inachelewesha kazi. Kweli ilikuwa inachelewesha, ila ilikuwa inachelewesha yeye.

Haya, tuje kwenye sukari, maana hapa ndo watu wanamuonea mwenye duka. Mjomba wangu alikuwa na duka kijijini na mimi likizo zote nilikaa nyuma ya kaunta, kazi yangu ilikuwa kufunga sukari kwenye vifuko vya nailoni, robo, nusu robo, na vile vidogo vya kuwekea chai ya asubuhi moja, unakizungusha kifuko unapiga fundo kwa meno. Mfuko wa kilo 50 ukiufunga hivyo haitoki kilo 50, inatoka 48, nyingine imebaki kwenye kijiko, nyingine wamekula sisimizi, nyingine nimekula mimi. Tufanye mwenye duka wa kwenu kanunua mfuko Sumbawanga 145,000, nauli yake na ya mzigo ukiigawanya na bidhaa nyingine alizobeba sukari inaangukiwa na 7,000, inakuwa 152,000. Anauza 3,500, zikitoka kilo 48 ni 168,000. Kapata 16,000. Umesikia vizuri, elfu 16, na huo mfuko unakaa wiki tatu ndo uishe, na ndani ya hizo wiki tatu kilo kadhaa ziko kwenye daftari la madeni zinasubiri mtu auze mbuzi.

Mwenzake wa Tandale tufanye ananunua 130,000 anauza 2,800, faida ni 10,000 tu kwa mfuko, ndogo kuliko ya kijijini, ila yeye mfuko unaisha siku mbili. Kwenye zile wiki tatu ameuza mifuko kumi, kapata laki moja kwa mtaji ule ule. Kwaiyo anayekuuzia 2,800 ndo tajiri, anayekuuzia 3,500 anasukuma maisha. Bei ya kijijini inabeba ule muda ambao hela imelala kwenye shelfu, na hiyo mtu haioni kwa sababu haina risiti.

Na hapo ndo kuna jibu la swali lako lote kwa kweli. Wewe mahindi unauza kwa jumla, unatoa yote siku moja kwa mtu mmoja, alafu sukari, sabuni, mafuta ya kupikia unanunua rejareja, tena rejareja ya mwisho kabisa, kipimo cha mafuta cha mia tano. Mtu wa mjini ni kinyume chake, mahindi yake yanamfuata, na duka la jumla liko kituo kimoja cha daladala. Alafu nauli unailipa wewe mara zote mbili, mzigo ukitoka inakatwa kwenye bei ya mahindi, mzigo ukiingia inaongezwa kwenye bei ya sukari. Barabara ni ile ile na anayeilipia ni yule yule aliye mwisho wake.

Ukitaka kuamini kwamba tatizo ni uzito na barabara, angalia vitu viwili. Vocha ya simu ya elfu moja inauzwa elfu moja Dar na inauzwa elfu moja kwenu, kwa sababu siku hizi haina hata karatasi, inaruka hewani. Saruji sasa, mfuko ni kilo 50 na thamani yake ni ndogo ukilinganisha na uzito, kila kilometa inauma, ndo maana viwanda vya saruji havikukaa sehemu moja, kuna Wazo Hill Dar, kuna Tanga, kuna Songwe pale Mbeya, kuna Dangote Mtwara, na bado mtu wa kijijini kwenu akijenga anashangaa mfuko umefika kwake na bei ya mfuko na nusu. Chaja ya simu je? Tofauti ndogo tu, mtu anaweka chaja mia kwenye begi la mgongoni anapanda basi.

Mafuta ya gari ndo kabisa, hayo mpaka serikali inakubali wazi kwamba umbali una bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ukisoma ile orodha ndefu ya wilaya utaona Dar, Tanga na Mtwara, kwenye bandari, ziko chini, alafu inapanda taratibu kadiri unavyoingia bara, ukifika Kagera na Kigoma imeshapaa. Wakenya nao vivyo hivyo, EPRA, mamlaka yao ya nishati, wanatangaza kila tarehe 14, Mombasa iko chini, Mandera iko juu kabisa. Ila hiyo bei kikomo ni ya kituo cha mafuta, kijijini kwenu kituo kipo? Kuna meza na chupa za lita moja zimepangwa juani, na bodaboda aliyekuletea sukari ametia mafuta pale pale mezani, tena kwa bei ya mwenye meza.

Kuna vitu vichache ambavyo serikali imeamua kupindua hii hesabu, umeme kwa mfano, kuunganishiwa kijijini ni 27,000 wakati mjini ni zaidi ya laki tatu, lakini hiyo ni ruzuku, mtu mwingine amelipia. Sukari haina mtu wa kuilipia.

Alafu kuna msimu, na huu unauma kuliko umbali. Mwezi wa saba wote mnauza, kwa sababu wote mna deni la mbolea, michango ya shule, mgonjwa, na harusi nazo zote ziko kipindi hicho hicho. Wote mkiuza bei inalala. Ikifika mwezi wa kwanza ghala la nyumbani limebaki vumbi, unaenda dukani kununua unga, na huo unga ukisoma mfuko umesagwa mjini, yani mahindi yametoka kwako yameenda kukaa mjini miezi sita yamerudi yamevaa nguo nzuri na wewe unalipia nauli yake ya kwenda na kurudi.

Kitu hicho hicho kipo kwenye nyanya, na kibaya zaidi. Ukipita Ilula, Iringa, msimu umechanganya, unakuta matenga yamepangwa pembeni ya lami, mtu anauza tenga kwa hela ambayo Dar ungepewa mafungu machache mezani. Pale barabara ni nzuri, lami inapita mlangoni kabisa, na bado bei inakufa, kwa sababu nyanya haisubiri, ikifika jioni inaanza kutoa maji na mnunuzi anajua. Kwaiyo usidhani ukiwekewa lami kesho utauza bei ya Dar. Lami inakata ile 5,000 ya vumbi, haikupi uwezo wa kusubiri.

Wengi wanasema siku hizi simu zimeondoa tatizo, mkulima anapiga simu anajua bei. Hilo lina ukweli wake, kuna mchumi anaitwa Robert Jensen alitoa utafiti 2007 kuhusu wavuvi wa Kerala, India, simu zilipoingia kati ya 1997 na 2001 tofauti za bei za samaki kati ya soko na soko zikapungua sana, wavuvi wakapata zaidi na walaji wakalipa pungufu. Lakini ebu fikiria, mvuvi akisikia bei nzuri iko bandari ya jirani anageuza boti. Boti ni lake! Wewe umepigiwa na shemeji ukajua Tandale ni 85,000, ukafanya nini? Ulikuwa na habari bila lori, na tajiri kijijini kwenu anajua kabisa kwamba huna lori, tena pengine ni yeye peke yake mwenye nalo kwa wiki hiyo. Malori yakija mawili siku moja, bei inapanda yenyewe hapo hapo, niliwahi kuona gunia linaongezeka elfu tatu kwa sababu tu fuso nyingine imeonekana inashuka kilima, tajiri wetu alikasirika siku hiyo mpaka hakula.

(Na wale wanaosema maisha ya kijijini ni rahisi, mi huwa siwaelewi. Kijijini hulipi kodi ya nyumba na kuni hununui, sawa, ila hizo kuni kuna mwanamke katembea masaa mawili kuzifuata, haziko bure, hazina bei tu. Ukija kwenye vile vyenye bei, kiberiti, chumvi, dawa, betri, kijiji ndo ghali.)

Sasa gunia zako 15. Umeniuliza uzipeleke Dar mwenyewe. Tumeona faida ya safari ikiwa ya halali ni kama elfu 13 kwa gunia, mara 15 ni 195,000. Nauli yako ya basi Sumbawanga Dar kwenda na kurudi weka 120,000, alafu siku tano za kula, kulala na kuzunguka Dar kwa 20,000 kwa siku ni laki moja, jumla 220,000. Umerudi kijijini na hasara ya 25,000 ukilinganisha na kama ungeuza hapo hapo mlangoni, na hapo hujaibiwa simu, na dalali hajakuweka siku tatu anakwambia soko limelala. Tajiri hizo gharama zake anazigawanya kwa gunia 300, wewe unazigawanya kwa 15. Usiende.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza hakikisha yamekauka, na usiende kwa kung'ata kwa meno, chukua chupa kavu ya glasi, weka mahindi kama robo ya chupa na chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tikisa kama dakika moja, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa bado yana maji, rudisha juani. Yakiwa makavu weka kwenye ile mifuko ya PICS yenye nailoni mbili ndani, unafunga moja moja kwa kamba unakamua hewa yote, humo dumuzi, hao tunaowaita Scania, wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Mfuko mmoja una bei yake, elfu tano hivi, lakini unatumika zaidi ya msimu mmoja usipotoboka. Usiufungue fungue kila wiki kuchungulia.

Sikwambii uweke yote 15. Sijui una madeni gani, na deni nalo linapanda kama bei inavyopanda. Uza tano sasa hivi za kulipia yanayowaka moto, tisa weka mpaka mwezi wa kwanza au wa pili, moja ya akiba ya nyumbani. Nimesema tisa makusudi, gunia tisa za kilo 100 ni kilo 900, na tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine haulipiwi ushuru, getini wakikusumbua waambie hivyo kwa upole, wengi wao wanajua wanakupima tu. Peleka Sumbawanga mjini, sio Dar. Na kama kuna majirani wanne wana tisa tisa, ongeeni na mwenye gari mmoja arudi nanyi siku ya mnada, maana gari lililoleta bidhaa mnadani linarudi tupu na dereva akirudi tupu roho inamuuma, hapo ndo unapata bei ya kubeba ambayo hujawahi kuiona. Hela mkipata hapo hapo mjini nunueni mfuko wa sukari na katoni ya sabuni mgawane, gari si lenu tena mnarudi na basi lakini mfuko mmoja wa kilo 50 kwenye buti kwa watu wanne hauzidi mia chache kwa kila kilo. Mwenye duka atanuna kidogo, mweleze, ni jirani yako na mwezi wa pili utamhitaji kwa daftari.

Ila kabla ya yote hayo, leo jioni azima mizani, wanunuzi wa kahawa au maharage huwa nazo, hata mwalimu mkuu anaweza kujua iliko, pima gunia moja tu kati ya hizo 15 jinsi lilivyoshonwa sasa hivi, alafu niandikie limesoma kilo ngapi.